Nani Alivaa Kuliko Wote?

Mwanamitindo akipanda jukwaani Paris, macho ya watu humkaa kwa dakika moja, pengine na nusu. Anatokeza pembeni mwa pazia, anakwenda hadi mwisho bila kucheka na mtu, anageuka, anarudi, kwisha kazi. Onyesho zima, pamoja na gharama zake zote, mara nyingi ni robo saa tu. Kwa hiyo nikiambiwa nimtaje mwanamume aliyeonyesha suti kwa muda mrefu kuliko wote, siendi Paris wala Milano. Nakwenda Moroko, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika lililoanza Desemba 2025, nikamtafute shabiki mmoja wa Leopards, timu ya taifa ya Kongo: Michel Kuka Mboladinga, ambaye watu wamemzoea kwa jina la Lumumba Vea.

Mliotazama mechi zile, iwe nyumbani au kwenye vibanda vya Bunia, huku Ituri, ambako jenereta hunguruma kumzidi mtangazaji, mnakumbuka. Wenzake wanapiga ngoma, wanaruka, wanalia. Yeye yuko juu ya kijukwaa chake, suti ya rangi kali, tai, miwani, nywele zimegawanywa kama za Patrice Lumumba, mkono wa kulia umeinuliwa na kiganja kimefunguka kama cha sanamu yake iliyoko Limete, Kinshasa. Hatikisiki. Kongo iliifunga Benin 1–0, ikatoka 1–1 na Senegal, ikaipiga Botswana 3–0, na yeye yuko vilevile. Tarehe 6 Januari 2026 ikaja Aljeria, mechi ikaingia muda wa ziada, na Adil Boulbina akatuumiza dakika ya 119. Ukihesabu dakika rasmi tu, za majeruhi ukaziacha, jumla ni 390. Saa sita na nusu za kusimama na suti. Mchezaji wa Aljeria, Mohamed Amoura, alimwigiza kwa dhihaka mechi ilipokwisha, kisha akaomba radhi, akisema hakujua ishara ile ilikuwa ya nani.

Hakuna wakala wa wanamitindo ambaye angemkubalia mtu wake kazi ya namna hiyo bila kuipandisha bei mara kumi. Lakini jambo lililonikaa kichwani ni jingine. Dunia nzima ilipoona picha zile, hakuna aliyeuliza suti kashona nani. Watu waliuliza aliyeivaa ni nani. Kwenye majukwaa ya Ulaya mambo ni kinyume: jina kubwa ni la nyumba ya mitindo, linalofuata ni la mbunifu, na kijana anayeivaa nguo ni namba kwenye orodha ya waandaaji. Rekodi zinazofuata hapa nimezikusanya nikiwa na jicho hilo. Rekodi ikivunjwa, jina linabaki kwa nani?

Msimu mrefu kuliko yote

Paris hubadilisha nguo za wanaume mara mbili kwa mwaka. Januari huonyeshwa mavazi ya majira ya baridi yajayo, Juni yale ya kiangazi cha mwaka unaofuata, na msafara hupita Florence, ambako maonyesho ya Pitti Uomo yamekuwapo tangu 1972, kisha Milano, mwisho Paris. Miezi sita, nguo imezeeka.

Zaire ilikuwa na msimu mmoja uliochukua zaidi ya miaka 15. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alipiga marufuku suti na tai kwa jina la uhalisia wa Kiafrika, na kila mwanamume mwenye wadhifa, kuanzia waziri hadi mkuu wa shule wa kule Djugu, akaingia ndani ya abakosti: koti la kola fupi, skafu shingoni kwa mwenye kupenda, tai marufuku. Hebu fikiri: nchi nzima ya wanaume inaonyesha vazi la mbunifu mmoja, na mbunifu mwenyewe ni rais. Hakuna nyumba ya Ulaya iliyowahi kupata wanamitindo wengi kiasi hicho, tena wa lazima. La kuchekesha ni kwamba abakosti za wakubwa, zile zilizokaa vizuri mabegani, zilishonwa na Arzoni, kampuni ya Zellik karibu na Brussels. Uhalisia wa Kiafrika ulikuwa na lebo ya Ubelgiji ndani ya kola.

Wazee waliokuwapo siku ya uhuru, 30 Juni 1960, au walioona picha zake, wanajua kilichokuwa kinafutwa. Siku ile Lumumba alisimama mbele ya mfalme Baudouin akiwa na tai ya kipepeo, na hakuna aliyemwona kama Mzungu kwa sababu ya tai.

Marufuku ilikwisha 24 Aprili 1990, katika hotuba ileile ya N'Sele ambamo Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Aliruhusu tai kwa wote, akaongeza kwamba yeye binafsi hawatamwona ameivaa. Sasa angalieni tarehe. Miaka 26 kamili baadaye, 24 Aprili 2016, mwanamuziki Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan kwenye tamasha la FEMUA, akafariki akiwa na umri wa miaka 66. Mtu aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, wakati suti bado ni kosa, akawafundisha vijana wa Matonge kuvaa Yohji Yamamoto na viatu vya Weston kana kwamba amri ya rais haipo, aliondoka siku ya kumbukumbu ya amri hiyo kufutwa. Sadfa tu, najua. Lakini mwandishi wa riwaya angeiandika hivyo, mhariri angeikata kwa kusema imezidi.

Nabii mwenye kaburi la kuvalia

Kwa upande wa Brazzaville, watu wa Bacongo husema sapeur wa kwanza, yaani mtu wa sape, ile desturi ya kuvaa maridadi, ni André Matsoua, aliyeanzisha chama chake cha Amicale jijini Paris mwaka 1926 na kufia gerezani Mayama 1942. Hiyo ni hadithi ya asili, nanyi mnajua hadithi za asili zilivyo. Ng'ambo ya mto, Kinshasa, mwenye rekodi hana ubishi: Stervos Niarcos.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Adrien Mombele, naye akajichukulia la tajiri wa meli wa Kigiriki, Stavros Niarchos, kwa sababu jina nalo ni vazi. Akatangaza dini ya kitendi, ibada ya kitambaa, yeye mwenyewe akiwa papa. Alifariki Paris tarehe 10 Februari 1995, na mwili ukarudishwa Kinshasa ukazikwa makaburi ya Gombe. Tangu hapo kila 10 Februari wafuasi wake humiminika makaburini wakiwa wamevaa kana kwamba maiti atawakagua: koti limegeuzwa ili lebo ionekane, soksi zimevutwa, fimbo mkononi. Sijui mwanamitindo mwingine yeyote wa kiume, mweusi au mweupe, ambaye kaburi lake limekuwa jukwaa la kila mwaka.

Niarcos hakuwa na mkataba na nyumba yoyote. Hakuna aliyemlipa kuvaa. Alilipa yeye, kwa njia ambazo wakati mwingine hazikumpendeza hakimu, na huo ndio upande wa sape ambao nyimbo hupita juu yake haraka. Papa Wemba mwenyewe alikamatwa Ufaransa mwaka 2003 na kuhukumiwa 2004 kwa kuwaingiza watu Ulaya wakijifanya wanamuziki wa bendi yake. Koti la Kijapani lina bei, na bei lazima itoke mahali.

Wa kwanza, wa kwanza, wa kwanza

Hapa nitakwenda mbio, maana orodha za "mweusi wa kwanza" zinafanana.

Wa kwanza kwenye jalada la GQ, jarida la Marekani la mavazi ya wanaume, alikuwa Urs Althaus mwaka 1977, kijana wa Uswisi ambaye baba yake alitoka Nigeria. Tyson Beckford wa New York aliingia mkataba na Ralph Lauren miaka ya 1990, akawa sura ya Polo, na kuanzia hapo ikawa vigumu kusema mwanamume mweusi hauzi nguo. Mwaka 1995 Ozwald Boateng, mzaliwa wa London wa wazazi wa Ghana, alifungua duka lake kwenye mtaa wa Vigo, pale Savile Row inapoishia, akaingia miongoni mwa mafundi wale wa suti za mabwana. Mwaka 2003 aliteuliwa kuongoza mavazi ya wanaume ya Givenchy. Imane Ayissi wa Kamerun alianza kama mcheza dansi na mwanamitindo, akavaa nguo za Dior na Lanvin kwa niaba ya wengine, hadi Januari 2020 alipoingia kwenye ratiba rasmi ya nguo za kifahari za Paris kama mbunifu. Huyo nampenda kuliko wote wa aya hii, kwa sababu alianza kama namba kwenye orodha akamaliza kama jina kwenye mlango.

Na Chanel? Ilianzishwa 1910. Mwanamume mweusi wa kwanza kutembea kwenye jukwaa lake ni Alton Mason, Desemba 2018. Miaka 108. Ni kweli Chanel ni nyumba ya wanawake na wanaume hupita kwa nadra, lakini 108 ni 108.

Kilo 42 kwa ajili ya suti

Aliyempandisha Mason jukwaani alikuwa Karl Lagerfeld, mbunifu wa Chanel wakati ule, naye ana rekodi yake ambayo haihusu kushona wala kutembea. Inahusu kula.

Januari 2001 Hedi Slimane alionyesha mkusanyo wake wa kwanza wa Dior Homme. Hadi wakati ule mwanamitindo wa kiume alikuwa mtu wa misuli, kifua kama cha bondia. Slimane akaleta vijana wembamba waliookotwa mitaani na kwenye kumbi za muziki, na suti zilizobana hadi ukashangaa mkono unapita wapi. Lagerfeld, mnene wa miaka mingi na mwenye umri wa kustaafu, alizitamani. Akapunguza kilo 42 katika miezi 13 ili aingie ndani yake, na akasema wazi kwamba sababu ni hiyo. Wengine hupungua kwa amri ya daktari. Yeye alipungua kwa amri ya fundi.

Ule wembamba ulisafiri. Suti iliyouzwa Ulaya huvaliwa, huchosha, hutupwa kwenye sanduku la msaada, hufungwa bale, hushuka Kampala, huvuka Goli na Mahagi, au hupanda mashua hadi Kasenyi na Tchomia, ndipo inatundikwa sokoni Bunia. Safari hiyo ni ya miaka, si ya miezi. Ndiyo maana sisi tulianza kubana suruali wakati Paris wameshaanza kuchoka kubanwa, na sasa Paris wamepanua miguu ya suruali kwa misimu kadhaa mfululizo, wamerudisha marinda kiunoni, nasi bado tunaulizana kama ni kweli.

Anayeumia katikati ni fundi. Pembeni mwa soko nilimwona mmoja, mzee mwenye cherehani ya kukanyaga na sindano tatu zimechomekwa kwenye kola ya shati lake, ameshika suruali ya kijivu ya mtumba. Mwenye suruali, kijana mrefu wa kama mita moja na themanini na kitu, amesimama juu yake.

"Papa, unifungulie huku chini. Iwe pana, kama za sasa."

"Mtoto wangu, kitambaa cha kufungulia nitakitoa wapi? Si wewe mwaka ule ulisema nikate kabisa, nisiache kitu ndani?"

Kijana akanyamaza. Mzee akaigeuza suruali ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa pembeni, akakuta ukingo mwembamba kama ukucha. Hakuna kitu. Akainama kwenye gunia la mabaki, akatoa kipande cheusi kirefu kilichobaki kwenye suruali ya sare ya shule, akakiweka kando ya paja la ile ya kijivu, akarudi nyuma kidogo kutazama. "Nikikitia hapa, toka kiunoni hadi chini, itapanuka vidole vitatu kila mguu. Na watu watafikiri ni mtindo." Kijana akauliza bei. Mzee akamwambia, kijana akashusha kwa nusu, na mazungumzo yakaingia kwenye ile sehemu ambayo haina uhusiano na mitindo.

Mkanda wa rangi tofauti ubavuni mwa suruali, nitaongeza, ni kitu ambacho nyumba za Ulaya hukiuza kwa fedha nyingi.

Msimu wetu wenyewe hauendi na Januari wala Juni. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi koti lina kazi halisi, si mapambo. Desemba hadi Februari ni vumbi jekundu, na mwenye suruali nyeupe kwenye Bulvadi ya Libération anajulikana kuwa ama ana gari ama ana mfuaji. Mvua zikianza, kinachoamua mtindo ni kiatu. Juni 2025 Dolce & Gabbana waliwatembeza vijana Milano wakiwa na pajama, nguo za kulalia kabisa, kama mavazi ya mjini kwa kiangazi cha 2026. Mwanamume akivaa hivyo asubuhi kuelekea Nyakasanza ataulizwa ametoroka wadi ipi.

Pengo la malipo

Ni kazi gani ambayo mwanamke humpita mwanamume kwa mshahara mara 28? Mwaka 2013 jarida la Forbes lilimtaja Sean O'Pry wa Marekani kuwa mwanamitindo wa kiume mwenye mapato makubwa kuliko wote duniani: dola milioni 1.5 kwa mwaka. Gisele Bündchen wa Brazili, kileleni kwa wanawake, alipata milioni 42. Nyuma ya O'Pry alikuwa David Gandy wa Uingereza na milioni 1.4, na hao ndio vilele. Chini yao mteremko ni mkali. New York wabunifu wadogo wamewahi kuwalipa vijana kwa nguo badala ya fedha.

Naandika haya kwa sababu kijana mwenye urefu na mashavu mazuri hapa Bunia hakosi kuambiwa na rafiki kwamba angetajirika huko nje. Urefu unaotakiwa kwa wanaume ni kama mita 1.85 hadi 1.90, na wapo wengi wanaofika. Lakini wakala wa kweli hukata asilimia yake kwenye malipo baada ya kazi kufanyika. Anayeanza kwa kudai dola za usajili, za picha, au za viza, huyo biashara yake ni wewe. Na tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi. Safari ya kwenda kujaribu bahati ina gharama nyingine kabla hata hujaonana na mpiga picha. Aliye karibu zaidi na jukwaa la kweli ni yule wa Goma, ambako Liputa Fashion Show imewapandisha vijana wa huko wakavaa nguo za wabunifu wa Kivu, au anayeweza kufika Dar es Salaam, kwenye Swahili Fashion Week ya Mustafa Hassanali, iliyoanza 2008.

Jukwaa refu na jukwaa la mtoni

Tarehe 21 Juni 2018, kwenye bustani za Palais-Royal, Paris, Virgil Abloh alitandika njia yenye urefu wa kama mita 200 iliyopakwa rangi za upinde wa mvua. Lilikuwa onyesho lake la kwanza akiongoza mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika kiti hicho. Wazazi wake walitoka Ghana, mama yake alikuwa fundi wa cherehani na ndiye aliyemfundisha kushona. Chuoni yeye alisomea uhandisi wa ujenzi. Aliwaalika wanafunzi wa mitindo kwa wingi na kuwagawia fulana zenye rangi za sehemu walizosimama. Wanamitindo walitembea njia ile ndefu, na wa mwanzo walikuwa weusi, wamevaa nyeupe tupu. Abloh alifariki Novemba 2021 akiwa na miaka 41. Jina lilibaki kwake, si kwa nyumba, na hilo ni nadra.

Jukwaa la ajabu zaidi kwa wanaume barani Afrika liliwekwa 3 Desemba 2022, Kim Jones alipoonyesha nguo za Dior mbele ya piramidi za Giza. Huku Ituri tuna haki ndogo ya kujidai katika hilo: maji ya Ziwa Albert, yale ambayo wavuvi wa Tchomia huyakoroga kila alfajiri, hutoka kaskazini mwa ziwa yakawa Nili, na yakinusurika na vinamasi vya Sudd hufika huko Giza. Sisi tulipeleka maji. Wao walipeleka viti vya wageni.

Kuazima bila kurudisha

Kim Jones huyohuyo alilelewa kwa sehemu Afrika, ikiwemo Kenya na Tanzania, akifuata kazi ya baba yake. Alipoanza Louis Vuitton, onyesho lake la kwanza la Juni 2011 lilikuwa na mistari ya shuka ya Kimaasai, nyekundu na bluu, imegeuzwa kuwa skafu na mashati. Baada ya hapo na kabla yake, kampuni nyingi zimetumia jina na rangi za Wamaasai, hadi wazee wa Kimaasai wakaunda mpango wa kudai haki miliki yao. Shuka lililouzwa Arusha kwa bei ya sahani chache za nyama choma likawa bidhaa ya kifahari, na aliyelifanya lipendeze kwa miaka mingi, mchungaji anayetembea nalo, hakuwa na namba hata kwenye orodha ya waandaaji.

Sape nayo iliazimwa, na namna ilivyoazimwa inachekesha. Mwaka 2009 mpiga picha wa Kiitaliano Daniele Tamagni alitoa kitabu cha picha za mabwana wa Bacongo. Jaladani kuna mwanamume mwenye suti ya waridi na kofia nyekundu. Paul Smith wa Uingereza akakipenda, akakiandikia utangulizi, akatengeneza kutokana nacho mkusanyo wa kiangazi 2010. Wa wanawake. Suti ambayo mwanamume wa Brazzaville aliivaa kwa kujinyima ilitembea London ikiwa kwenye mwili wa msichana. Januari 2015 Junya Watanabe wa Japani alirudisha deni kwa jinsia sahihi: onyesho lake la wanaume Paris lilikuwa la sapeurs waziwazi, koti, kofia, viraka vilivyokatwa kwa ustadi. Wajapani na Wakongo wana mapenzi ya zamani. Miaka ya 1980 Kinshasa ilikuwa tayari inamjua Yamamoto, na naona haki kwamba Mjapani ndiye aliyetutazama bila kutugeuza kichekesho.

Katikati ya hayo, Januari 2014, bia ya Guinness ilitoa tangazo la sapeurs wa Brazzaville. Picha nzuri, muziki mzuri, na waliolitazama Ulaya wakagundua kwamba mtu anaweza kuchoma matete mchana akavaa suti jioni. Hapa hiyo haikuwa habari.

Juni 2025 Prada walipitisha jukwaani Milano ndala za ngozi ambazo kila Mhindi alizitambua kuwa za Kolhapur. Kelele zikapigwa, na kampuni ikakiri zimetokana na ufundi wa India. Ilichukua siku chache tu. Wamaasai walisubiri zaidi.

Vazi la kale kuliko yote

Baada ya mizunguko yote, vazi la kiume lenye rekodi ya ukale katika mkoa huu liko Mambasa, msituni. Ni gome la mti, mara nyingi la jamii ya mtini, ambalo wanaume wa Mbuti hulivua, hulilowesha na kulipiga kwa nyundo hadi linalainika na kupanuka. Zamani nyundo ilikuwa ya pembe ya ndovu, yenye michirizi usoni, na sauti yake ilisikika mbali kambini. Likishakauka, kazi huhamia kwa wanawake. Wao huchora kwa kijiti au kwa kidole, wino wakiupata kwa juisi ya tunda la gardenia iliyochanganywa na masizi ya mkaa. Mistari haiendi sawa pande mbili. Mwanamke anaweza kuanza na vyandarua, akaviacha katikati, akaweka nukta kama mbegu, akaacha nafasi tupu kubwa, kisha akarudi. Anayetafuta ulinganifu wa kitenge atasema hakumaliza. Alimaliza.

Mwaka 1995 Georges Meurant na Robert Farris Thompson walitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo ya Ituri, na makumbusho ya Ulaya na Marekani yameitundika ukutani kama sanaa ya kisasa. Kibandiko kando yake huandika Mbuti, msitu wa Ituri, karne ya 20, na jina la mkusanyaji aliyeinunua. Jina la mama aliyechora, kwa kawaida, halimo.

Uganda wameshaamka kidogo. Gome la mutuba la Baganda liliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO, na mbunifu José Hendo, Mganda anayeishi Uingereza, amelikata likawa makoti. Mti hauuawi: ukishavuliwa hufungwa majani ya mgomba, gome linarudi, mwaka unaofuata unavuliwa tena. Ulaya nako yuko wa kutumainiwa: Januari 2027 Grace Wales Bonner, Mwingereza ambaye baba yake ni Mjamaika, anatarajiwa kuonyesha mkusanyo wake wa kwanza wa wanaume Hermès, baada ya Véronique Nichanian aliyekaa kwenye kiti hicho miaka 37, muda ambao naamini hakuna atakayeufikia. Wales Bonner anajulikana kwa kutaja alikotoa vitu vyake. Lakini Bunia haina haja ya kumngoja. Kutoka hapa hadi Epulu ni barabara moja, mbovu, lakini moja, na fundi wa soko tunaye. Koti la gome la Ituri, lililochorwa na mama wa Mbuti, jina lake likiwa limeshonwa ndani ya kola pale ambapo Arzoni waliweka lao: hiyo ni rekodi inayoweza kuwekwa bila pasipoti, na malipo ya kwanza yaende kwake kabla ya picha yoyote kupigwa.